Mwaka Nyanya Alipopima Sawasawa

Jumapili, 7 Septemba

Leo watu wakiwa kwenye chai baada ya ibada, mume wangu Timothy alipanda juu ya kiti cha plastiki akatangaza kwamba anagombea udiwani wa kata yetu. Makofi yakapigwa, mchungaji akamshika mkono, akina mama wakanigeukia na nyuso za pongezi kama vile nimejifungua. Mimi nilikuwa nimekaa na mkoba magotini. Ndani ya mkoba mna tiketi mbili za ndege za tarehe sita Desemba, za kwenda bila kurudi, nilizochapisha kwenye karatasi kwa sababu tiketi ya kwenye simu siiamini. Niliukumbatia huo mkoba mpaka chai yangu ikapoa.

Ndani ya gari nilimuuliza, "Baba Kendi, ukishinda?"

"Kwanza nishinde."

"Na tiketi?"

"Hii ni Septemba, Mama Kendi."

Akawasha redio. Mwezi wa Machi, theluji ikiwa bado imeziba mlango, huyu huyu aliniapia kwamba hiyo ndiyo baridi yetu ya mwisho. Nyumba yetu ya Nkubu, kule Kenya, imeisha. Miaka tisa tumeijenga kwa simu, tukibishana na fundi kuhusu kokoto tusizoziona. Funguo anazo dada yangu Nkatha, na kila Jumamosi anafungua madirisha hewa ipite. Binti yetu Kendi, aliye Plymouth, mji wa jirani, na kazi yake ya ofisini, alikubali kututafutia mnunuzi wa duka tukishaondoka. Mimi nimenunua hata mapazia.

Jumatatu, 8 Septemba

Sijaongea naye. Nimeuza unga na majani chai.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeanza kuongea naye, maana duka ni dogo na tunagongana.

Duka letu liko University Avenue, hapa Frogtown, mtaa wetu huku Marekani, kati ya kinyozi na mkahawa wa Wavietnam, treni ikipita mbele. Kila mteja anajua tabia moja ya Timothy, nayo ni nyongeza. Akishakupimia maharagwe na mizani ikatulia, anarudisha mkono kwenye gunia na kukuongezea konzi moja bure. Ukinunua majani chai anakuwekea andazi juu. Tumegombana sana juu ya hayo maandazi, kwa kuwa ninayeyakaanga ni mimi.

Aliirithi kwa babu yake, Mzee Zachariah, aliyekuwa na duka kule kwetu enzi za Mwingereza. Aliuza chumvi, kitambaa cha marekani na mafuta ya taa, na hakuna aliyetoka pale bila nyongeza. Watu wakampenda, wakamchagua awasemee kwenye baraza la wenyeji, lile lililokuwa likikaa na DC, mkuu wa wilaya wa Kizungu. Huko akapigania leseni za maduka za Waafrika, mpaka DC akamchoka, akamfanyia hila, akapoteza kiti. Hiyo ndiyo hadithi ya Timothy. Nimeisikia tangu nilipoolewa, na sasa Frogtown nzima itaisikia.

Leo aliisimulia kwa kinyozi. Mzee Zachariah alibeba chumvi mgongoni mwendo wa siku mbili.

Jumamosi, 20 Septemba

Mkutano wa kwanza, ukumbi wa kanisa. Mzee Zachariah alitembea siku nne, na njiani kulikuwa na fisi.

Anayeongoza kampeni ni Chepkemoi, nesi, msichana wa Bomet mwenye akili kali na usingizi mchache. Aliwaeleza watu jinsi kura za hapa zinavyopigwa. Wagombea ni watatu: Timothy, kijana mmoja wa biashara ya majumba, na Bernardine, mama Mmarekani mweusi aliyestaafu kazi ya maktaba. Unawapanga, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kama hakuna aliyepita nusu, wa mwisho anatolewa, na waliomchagua huyo kura zao zinahamia kwa yule waliyemweka wa pili.

"Ni kama kuagiza hotelini," Chepkemoi alisema. "Chapati ikiisha, si unakula ugali? Haulali njaa."

Wazee wakacheka, wakaelewa. Ila tangu hapo kila anayeingia dukani anamwambia Timothy kwa adabu, "Mzee, mimi nimekuweka wa pili." Wanaona wakisema wa kwanza watakuwa wanajipendekeza, au Bernardine aliwasomea watoto wao maktabani wanamwonea haya. Timothy anawashukuru, kisha anakuja stoo kunung'unika.

"Wa pili, wa pili. Nani ameoa mke akamwambia wewe ni wa pili?"

Nilimwambia wako wengi tu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua imenyesha Nkubu. Nkatha alinitumia sauti tu, bila maneno. Alikuwa amesimama ndani ya nyumba yangu, sebuleni hakuna hata kiti, na mvua inapiga mabati. Niliisikiliza stoo nikiwa nimeegemea magunia ya mchele, nikairudia, nikairudia tena. Natamani nyumbani mpaka kifua kinauma. Natamani kuongea njiani bila kupunguza sauti. Natamani udongo ule mwekundu unaong'ang'ania viatu, ambao nilipokuwa msichana niliuchukia sana.

Mwishoni Nkatha alisema, "Umesikia? Haivuji hata kidogo."

Hapa majani yameanza kuwa ya njano na ya rangi ya damu ya mzee. Wazungu wanayapiga picha.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kule mvua. Hapa upepo.

Jumatano, 15 Oktoba

Chepkemoi alipitia asubuhi akitoka zamu, macho mekundu, akanunua sukari. Timothy alikuwa amekwenda kubisha milango ya watu.

"Mama, kitu kimoja nisisahau. Umwambie Mzee asipeane kitu. Andazi kwenye mkutano, watu wakila pale pale, ni sawa. Lakini asimpe mpiga kura kitu cha kupeleka nyumbani kwa ajili ya kura. Huku hiyo ni hongo. Mtu akishtaki, hata kama ameshinda wanaweza kumnyang'anya kiti."

Nikasema nitamwambia.

Jioni Timothy akaja na sanduku lenye stika. Jina lake, picha yake, na maneno "Jirani Yako". Jumamosi ya tarehe moja Novemba, mkutano wa mwisho kabla ya kura, anataka kila familia iondoke na pakiti ya unga yenye hiyo stika.

"Mwanasiasa gani anaita watu waende nyumbani mikono mitupu?" aliniambia. "Babu angenikana. Hii ni nyongeza tu."

Mdomo nilishaufungua. Nikauliza stika zimeletwa na nani.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sijamwambia.

Jumamosi, 18 Oktoba

Sijamwambia. Anabandika stika akiimba tenzi. Nimemwona Chepkemoi kwa mbali nikajifanya natafuta kitu kwenye friji.

Nijiandikie ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Nikinyamaza, atagawa unga. Akigawa unga, yule kijana wa majumba hatakosa wa kumpelekea habari. Timothy ataanguka, na tarehe sita Desemba tutapanda ndege wawili. Sihitaji kufanya chochote, ninyamaze tu.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua kule. Sijamwambia.

Alhamisi, 23 Oktoba

Leo Timothy alimhoji Mama Perpétue, mjane wa Uvira mwenye Kiswahili cha kwao, anayekuja kila wiki kununua unga wa muhogo na samaki wakavu. Alitaka kujua kama atapiga kura.

"Papa Timothy, nitapiga. Hii njo mara yangu ya kwanza," alisema. "Kule kwetu walikuwa wanatupatiaka chumvi na kitambaa, halafu tunasikia kwa redio kama tumeshachagua."

Timothy akacheka, akamsimulia habari ya Mzee Zachariah na chumvi yake, safari hii siku sita, fisi wawili, na hila ya DC. Mama Perpétue akasikiliza akitikisa kichwa. Na mimi nikaona nimekaa na kitu kifuani miaka karibu arobaini, leo kimegeuka upande.

Najua kilichompata Mzee Zachariah. Haikuwa DC.

Nilipoolewa, Timothy alikuwa na kazi Nairobi, nami nikaachwa kwa nyanya yake karibu mwaka. Mzee alikuwa ameshakufa zamani. Tulikuwa tunapepeta maharagwe uani, mimi na yeye, nikalalamika kwamba mume wangu haji. Nyanya akaendelea kupepeta. Kisha akaniambia.

"Mzee wangu alikuwa anaenda barazani Jumatatu, anarudi akipenda. Duka likawa langu, watoto wangu, baridi ya mlimani yangu. Akirudi, anakuja na watu, na mazungumzo ni ya watu. Nilimtamani na yuko mezani pangu. Mwaka wa kuchaguana ulipofika, nikaamua. Msimu mzima, mizani ikitulia, nilirudisha mkono wangu kwenye leso, si kwenye gunia. Sikumwibia mtu hata punje. Nilipima sawasawa."

Nikamuuliza watu walisema nini.

"Walisema Zachariah amekuwa mkubwa, hawaoni tena. Siku ya kupanga mstari, kila mtu nyuma ya mtu wake, nyuma ya Mzee walisimama ndugu zake peke yao. Akarudi nyumbani. Nilikuwa nimepika. Nilikuwa nimejifunga leso mpya, mjinga mimi. Akavuta kiti akakaa mlangoni pa duka, na hapo ndipo alipokaa mpaka siku ya kufa. Hakunipiga, hakunitukana, hakwenda popote tena. Mtoto wangu, nilimkosa zaidi akiwa pale mlangoni kuliko nilivyomkosa alipokuwa barazani."

"Hukumwambia?"

"Ningeanzia wapi? Alishaamini ni DC. Akawaambia watoto ni DC."

Akanipa ungo nimalizie, na hatukuongea tena habari hiyo.

Ijumaa, 24 Oktoba

Sijamwambia, na sasa sijui ni lipi nisilomwambia, la unga au la nyanya yake.

Jumanne, 28 Oktoba

Asubuhi barafu nyembamba juu ya kioo cha gari. Nimemtazama Timothy siku nzima bila yeye kujua.

Miaka hii ya karibuni, kabla ya kampeni, alikuwa anazeeka vibaya. Alikuwa anakaa nyuma ya kaunta na video za Kenya kwenye simu, akigombana na watu walio bara lingine. Sasa anajua jina la kila mtu kwenye barabara hii. Bibi Mhmong, kabila la huko kwa Wavietnam, mwenye duka la nguo, anamletea tambi. Mama Perpétue alilalamika kwamba taa ya kuvuka barabara inabadilika kabla hajafika ng'ambo, na Timothy alipiga simu ofisi ya jiji kila asubuhi mpaka wakaja kuirekebisha, na hajawa hata diwani. Leo alimpeleka mwenyewe kuivuka. Walivuka, wakarudi, wakavuka tena. Nilisimama dirishani nikamwona kijana aliyenichumbia, mwenye kiherehere kile kile, na koti ambalo nilimwambia atupe.

Huyu ndiye ninayetaka kukaa naye Nkubu. Mtu wa kuvuta kiti mlangoni simtaki.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimemwambia.

Ilikuwa alasiri, watoto waliovaa vinyago, kama ilivyo desturi ya huku tarehe hii, wanaingia na kutoka kuomba peremende, kila mmoja akipata na andazi. Pakiti zilishapangwa stoo, nyuso za Timothy zinanitazama kuanzia sakafuni hadi dirishani. Alikuwa anazihamishia kwenye kitoroli.

"Baba Kendi, usizipeleke. Huku ni hongo. Watakunyang'anya kiti."

"Nani amesema?"

"Chepkemoi."

"Lini?"

"Siku ile ile ulipoleta stika."

Alihesabu kichwani, nikamwona anahesabu. Akakaa juu ya gunia la mchele.

"Ulitaka nianguke."

"Nilitaka twende nyumbani. Bado nataka. Nataka kuliko kitu chochote, usidhani nimeacha kutaka."

"Basi si ungenyamaza mpaka kesho? Siku moja tu ilibaki."

Nikamwambia habari ya nyanya yake. Nilimsimulia yote, leso, mizani, mstari, kiti cha mlangoni. Mtoto mmoja wa kinyago cha simba aliingia stoo akatukuta hivyo, akatoka kimya.

"Si DC?"

"DC hata sidhani alijua babu yako anapima nini."

"Nilikuwa namkuta pale mlangoni nikiwa mdogo. Namsalimia, anaitika akitazama barabara." Akapangusa uso kwa mkono. "Nilidhani wazee ndivyo walivyo."

Nilingoja hasira. Ilikuja, lakini kidogo. Alisema mimi na Nyanya ni wamoja, tungekaa na DC tungemshinda. Kisha akachukua pakiti moja, akaingiza ukucha chini ya uso wake mwenyewe, akaanza kubandua. Nami nikachukua yangu. Hazikutoka vizuri. Kwa nyingine lilibaki sikio, kwa nyingine meno. Nje theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka, ile inayoyeyuka ikifika chini.

Jumamosi, 1 Novemba

Mkutano wa mwisho. Chai na maandazi, watu wakala pale pale, Chepkemoi akisimama mlangoni kama askari jela. Niliwakaangia mpaka mkono ukauma.

Timothy akasimama kusimulia habari ya Mzee Zachariah. Nikashika kiti. Alisema babu yake alibeba chumvi mwendo wa siku mbili, na fisi hakuwaona. Akasema, "Miaka yote nimewaambia watu alishindwa na DC. Nimegundua jana kwamba alishindwa na mke wake, kwa sababu alitumikia watu wote akamsahau mmoja."

Wanaume wakacheka. Wanawake hawakucheka. Mama Perpétue alisema "Eee" ya chini chini, ile ya kanisani. Timothy hakunitazama, na nilijua hakuthubutu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepiga kura. Kalamu nyeusi, karatasi, kibanda cha kadibodi. Nilisimama pale mpaka mama wa mlangoni akaniuliza kama nina shida.

Sikuweza kumweka wa kwanza. Niliona mapazia yangu yamekunjwa kwenye boksi, nikaisikia mvua ile. Lakini kumwacha nje sikuweza pia, baada ya kumwona na Mama Perpétue kwenye ile taa. Nikampa Bernardine wa kwanza. Nikamweka mume wangu wa pili, kama watu wote. Nilitoka nje nikalia ndani ya gari, kisha nikaenda kufungua duka.

Jumatano, 5 Novemba

Hakuna aliyepita nusu. Kijana wa majumba anaongoza, Timothy wa pili, Bernardine wa tatu. Bernardine anatolewa, na kura zake zinahamishwa.

Timothy ananiuliza kwa nini sili.

Ijumaa, 7 Novemba

Ameshinda. Hawakufika hata watu ishirini, hao waliomvusha. Ni wale wa "Mzee, nimekuweka wa pili." Wamejaa dukani kutoka asubuhi, kila mmoja anajidai ni yeye, na wote wanasema kweli. Timothy anawakumbatia. Chepkemoi alilala kwenye kiti huku amekaa.

Mimi nimemkumbatia pia. Kisha nikaenda stoo, nikasikiliza mvua.

Jumapili, 16 Novemba

Tumekubaliana. Nitakwenda peke yangu. Yeye ataapishwa, tiketi yake ameisogeza hadi Julai. Alisema, "Jumatatu na Jumatano ni za baraza. Jumapili mchana wote nitakupigia, na sitakuwa na watu." Nilimwambia nitamhesabia.

Jumatano, 26 Novemba

Theluji hadi magotini. Nimepakia mapazia.

Jumamosi, 6 Desemba

Naandika ndani ya ndege.

Tulipima sanduku dukani jana, kwenye mizani ya maharagwe, mpaka likafika kilo zinazoruhusiwa. Uwanja wa ndege, Timothy alilinyanyua akaliweka mbele ya yule dada wa kaunta. Namba zikacheza zikatulia. Sawasawa, hakuna hata nusu ya ziada. Dada akatusifu. Sisi tukatazamana.

Tulipofika pale wasiosafiri wanapokatazwa kupita, niliona siwezi kubeba hilo jambo hadi Nkubu.

"Baba Kendi, mimi pia nilikuweka wa pili."

Kofia yake ilikuwa imekaa upande. "Wa kwanza ulimpa nani?"

"Bernardine."

Alifikiri kidogo kidogo, nikamwona anaihesabu kura yangu inavyotoka kwa Bernardine inavyofika kwake. Nilidhani atacheka. Macho yake yalijaa machozi.

"Kwa hiyo ni wewe uliyenibakiza huku."

"Ni mimi."

Watu walikuwa wanatupita na mabegi. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa lile koti, akatoa kitu kimefungwa kwenye karatasi, akakitia kwenye mkoba wangu juu ya tiketi, akaufunga. Nikavua viatu nikapita. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama pale pale, mkono mmoja juu.

Nimefungua sasa hivi. Ni andazi, na si langu, amekaanga mwenyewe leo asubuhi kabla sijaamka. Limeungua upande mmoja na ndani ni bichi. Nimelila lote.